Nilishushwa Ndegeni, Wifi Yangu Akapaa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana mara ya kwanza mmeitika kama watu waliokosa uji asubuhi. Haya, sasa nimewasikia.

Mimi ni Rebeka wa hapa kijijini Qurus, mama yake Yohana. Mmeona nilivyolitamka jina hilo bila kuuma meno? Kuna wakati nisingeweza. Na wifi yangu Marta, dada wa mume wangu, amekaa pale karibu na dirisha, ameshaanza kujifunika uso na kanga. Jifunike tu, wifi. Leo nasema.

Ndugu zangu, nilipokuwa namnyonyesha Yohana, ndipo nilipoanza kukohoa damu. Wakanipakia kwenye lori, wakanipeleka hospitali ya kifua kikuu kule upande wa Kilimanjaro. Mtoto nikamwacha mikononi mwa Marta, kwa sababu yeye hakujaliwa kuzaa na alikuwa nyumbani kwetu. Siku hizo dawa ilikuwa kulala, kupigwa na hewa safi, kunywa maziwa na kula mayai. Nililala huko mpaka mwanangu akaota meno, akasimama, akatembea, akajua kusema. Yote hayo niliyasikia kwa watu waliopita kunisalimia.

Mungu akaniponya. Nikarudi Qurus nimenona, nimenyoosha mikono uani, namwita mwanangu. Mtoto akanikimbia! Akajificha nyuma ya sketi ya Marta, akamshika mguu, akamuuliza, "Mama, huyu ni nani?" Wakamwambia mimi ndiye mama. Akafikiri kidogo, halafu akanipa jina lake mwenyewe: Mama wa Hospitali.

Ndugu zangu, hilo jina lilinikaa kifuani mahali pale pale ulipotoka ugonjwa. Daktari alikuwa amenipiga picha za kifua, akasema nimepona. Lakini wivu hauonekani kwenye picha ya daktari! Marta akimpikia Yohana, natafuta chumvi iliyozidi. Akimfulia shati, nalifua tena. Yohana akiwa na homa usiku aliita "Mama!", na mimi nikifika mlangoni namkuta Marta ameshafika. Hata majirani wakitupita shambani walisema, "Hamjambo, kina Mama Yohana." Kina! Kama vile mtoto anazaliwa na kamati.

Yohana akasoma, akakua, akapata kazi Dar es Salaam, ofisi ya kampuni moja ndogo ya ndege. Ilikuwa miaka ile Uhuru ukiwa bado mchanga. Akapata mchumba, binti wa watu wa Morogoro, na harusi ikapangwa wakati wa masika. Mvua ya mwaka huo iliukata mteremko wa kushukia Mto wa Mbu, basi wala lori halipiti. Yohana akatuletea habari: ndege ya kampuni yao itakuja kuwachukua wageni waliokwenda kuona wanyama kreta, Ngorongoro, na itatua kwenye kiwanja cha nyasi kule juu ya ukingo wa Manyara. Baba atabaki na ng'ombe, ila amewaombea mama zake nafasi mbili.

Mama zake! Nilisikia hilo tu. Furaha ya kupanda ndege sikuipata kabisa. Nilichowaza ni kiti cha mama wa bwana harusi kule ukumbini, ambacho ni kimoja. Nani atakikalia?

Sasa sikilizeni. Nyumbani kwetu nilikozaliwa, mama wa bwana harusi humpaka mkwe wake samli mikononi, na baada ya hapo hakuna anayeuliza mama ni nani. Nikatengeneza samli ya ng'ombe wetu, nikaitia kwenye kibuyu, nikafunika mdomo kwa kipande cha ngozi ya ndama, nikakaza kwa fundo langu ambalo hata mume wangu hakujua kulifungua. Marta naye alijaza kikapu: ngano aliyoipepeta mwenyewe, maharage, na kanga ya bibi harusi. Nikakitazama kile kikapu kwa jicho baya.

Tulikuwa tumeambiwa mizigo ya ndege inapimwa. Basi mimi, kwa akili zangu, nikasema mzigo uliovaliwa si mzigo. Nikavaa gauni la bluu, juu yake la maua, juu yake la kanisani, kisha sweta, kisha koti la mume wangu. Nilitaka nikifika Dar es Salaam niwe nabadilisha nguo kila saa, watu wajue Yohana ametoka kwa nani. Marta alivaa gauni moja na sweta, kama mtu anayekwenda kisimani.

Mzee Salehe, mwenye duka pale Karatu mjini, alitupeleka kiwanjani kwa lori lake. Ni Mwislamu, mtu wa watu, mpole. Tulipofika akaita kwa nia njema, "Mama Yohana, shuka taratibu, pana tope." Tukageuka wote wawili. Nikamwambia, "Mzee Salehe, unamwita yupi?" Akacheka peke yake.

Karani wa ndege alikuwa na mizani ya magunia, aina ile ile tuliyoizoea kwenye mashamba ya kahawa Oldeani. Abiria mmoja mmoja akapanda. Marta alipopanda mshale ulitikisika tu. Nilipopanda mimi, mshale ulikwenda kama umeitwa na mtu! Karani akanitazama juu mpaka chini. "Mama, hebu vua koti." Nikavua. "Na sweta." Nikavua. Akaona kola tatu shingoni. Wageni wa kizungu wakacheka, rubani akacheka, Mzee Salehe akageukia lori lake mabega yakimtetemeka. Karani akasema tutajaribu.

Tukaingia, tukafungwa mikanda. Marta kando yangu, mimi dirishani, kibuyu mapajani. Ndege ikanguruma, ikakimbia kwenye nyasi zenye maji, ikakimbia, halafu ikapunguza mwendo ikarudi pale pale. Rubani akasema kitu kwa Kiingereza. Karani akafungua mlango, akaniangalia kwa huruma.

"Mama, samahani sana. Nyasi zimelowa, ndege ni nzito, haitainuka. Inabidi wewe ushuke."

"Kwa nini mimi? Yale masanduku ya wageni je?"

"Wageni wamelipa na masanduku yao, mama. Nyinyi mmeombewa tu."

"Mimi ndiye mama wa bwana harusi!"

"Sikatai, mama. Lakini ndege haijui hayo."

Hapo Marta akafungua mkanda wake. "Nishuke mimi, wifi abaki."

Karani akatikisa kichwa. "Wewe hata ukishuka hutusaidii. Huna uzito."

Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngeshukuru kwamba angalau wifi amejitolea. Mimi niliona unafiki mtupu! Nikasema moyoni, anajitolea kwa sababu anajua hatakubaliwa. Nikashuka nikiwa nimeshika kibuyu na aibu yangu, magauni matatu yakinibana, tope likinifika kwenye vifundo vya miguu.

Na bado haikutosha. Kabla mlango haujafungwa Marta akajitokeza. "Wifi, nipe kibuyu!" Nikakikumbatia. Akamsemesha karani, wakaelewana, uzito kwa uzito, akakishusha kikapu chake kwenye nyasi. Karani akaja kwangu, akanitoa kibuyu mikononi kwa adabu, akampa. Mlango ukafungwa.

Nilipiga kelele! Nilisema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya madhabahu. Kwamba mwanangu amemchukua, jina langu amelichukua, sasa na samli yangu atampaka mkwe wangu! Nikakimbilia ndege, Mzee Salehe akanidaka mkono. "Mama, panga lile linalozunguka mbele litakukata. Tulia." Ndege ikakimbia tena, na safari hii ikainuka kirahisi kabisa, ikapita juu ya ziwa. Hilo nalo liliniuma, kwamba bila mimi imeinuka kirahisi vile.

Njiani Mzee Salehe akanifariji. "Mshukuru Mungu, pengine kakuepusha na jambo." Nikamwambia, "Kama ni ajali, na kaniepusha mimi peke yangu, basi sawa." Astaghafiru, akasema, na hakunisemesha tena mpaka Karatu.

Ndugu zangu, nataka mjue nilifika wapi. Nilifika nyumbani nikakitupa kikapu cha Marta kwenye banda la kuku. Ile ngano aliyoipepeta, kuku wakaila mbele ya macho yangu, na mimi nikasikia raha. Jumapili nilikuja hapa hapa nikaimba sauti ya kwanza. Siku ya harusi nilifunga, sikuweka hata maji mdomoni. Mume wangu akadhani ninamwombea Yohana. Nilikuwa ninaomba Marta ateleze ukumbini! Naomba samli imwagike kwenye gauni la bibi harusi! Nilipiga magoti kwa Mungu wa rehema nikiomba mambo hayo, na nikasema amina.

Mvua zikakatika, barabara ikatengenezwa. Siku moja ninatwanga mahindi uani, nikasikia mume wangu akisema, "Karibu, dada." Sikuinua kichwa. Nilitwanga kwa nguvu zaidi. Marta akaja akasimama mbele yangu na vumbi la safari, akaweka kitu chini karibu na kinu.

Kilikuwa kibuyu changu. Ngozi ya ndama ipo. Fundo langu lipo, halijaguswa.

Nikaacha kutwanga. Nikakiinua, kizito vile vile.

"Hukufungua," nikasema.

"Nifungue nini, wifi? Mwenye kupaka ni wewe. Nilikichukua ili wakwe wakione, wajue mama yupo."

Akatoa picha kwenye mkoba wake. Yohana amesimama, suti nyeusi, amependeza mpaka nikasahau hasira kidogo. Bibi harusi kando yake. Wazazi wa bibi harusi wamekaa kwenye viti vyao. Na upande wetu kiti kimoja, kimefunikwa kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa kimekaa kibuyu changu, wima, kama mtu aliyealikwa.

"Na wewe uko wapi?" nikamuuliza.

Akanionyesha kwa kidole. Nyuma kabisa, kati ya wageni, nusu ya uso. Nusu nyingine mpiga picha ameikata.

"Walinisukuma nikae," akasema. "Yohana mwenyewe aliniomba. Nikawaambia kiti hiki kina mwenyewe, ni mvua tu imemzuia."

Ndugu zangu, Yohana mwenyewe alimwomba! Kile kiti nilichomwonea wivu alipewa na mtoto aliyemlea, kwa mapenzi, mbele ya watu wote, na mimi siko, sitajua. Naye akasimama kwenye harusi nzima kwa ajili yangu. Lililonitoka ni hili: "Wifi, ngano yako imeliwa na kuku."

Akanitazama. "Yote?"

"Yote. Niliwapa mimi."

Akakaa chini kwenye mkeka, akaanza kucheka. "Basi chinja mmoja, nina njaa."

Nikacheka, na katikati ya kucheka nikalia, nikalia mpaka mume wangu akatoka ndani akidhani kuna msiba. Kilio kile kilitoka mbali, kutoka siku ile mtoto aliponikimbia uani. Na kilipokwisha, nawaambieni ukweli wa Mungu, nilitafuta ule wivu kifuani nikaukosa! Nilivuta pumzi ikaingia mpaka chini. Mungu aliniponya mara ya kwanza kwa maziwa na mayai. Mara ya pili aliniponya kwa mkono wa mtu niliyekuwa nikiomba ateleze. Haleluya! Sema haleluya na wewe uliye nyuma!

Baada ya mavuno Yohana akamleta mkewe Qurus. Watu wakajaa uani, mkwe akanyoosha mikono. Nikafungua fundo langu. Samli ilikuwa imekaa sana, ina harufu yake, msiniulize. Nikachovya vidole, halafu nikasimama. Marta alikuwa jikoni anakoroga ugali. Nikamwita, "Mama Yohana!" Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo tangu mtoto azaliwe. Akatokea mlangoni na mwiko mkononi, hajui kama ni yeye. Nikamwambia, "Njoo, wewe shika mkono wake huu wa kulia." Tukampaka mkwe wetu, mimi mkono huu, yeye mkono ule.

Ninamshukuru Mungu kwa mvua ile iliyolowesha nyasi, na kwa mizani ile iliyosema kweli. Na wewe ndugu yangu unayenisikiliza, unayehesabu kila jioni alichopewa mwenzako, njoo kwa Yesu na huo mzigo. Usije umeuvaa chini ya koti kama nilivyofanya mimi, maana yeye anaona kola zote. Mwachie tu, atakuvua mwenyewe, wala hatakucheka.

Mwezi uliopita Yohana alikuja kututembelea na watoto. Alifika langoni akaita kama zamani, "Mama!" Tukainuka wote wawili, mimi na wifi. Nikarudi nikakaa, nikamwacha yeye atangulie kumpokea.