Bi Tunu na Madume Mawili ya Namba Moja

Baada ya miaka ishirini na tisa langoni, Bi Tunu Majidi anastaafu tarehe 30 Juni, na sisi wa mnada wa mifugo tunabaki na hofu. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo walionipa kazi ya kuandika haya wajilaumu wenyewe.

Alianza na daftari na kopo la rangi ya kupaka pembe. Umri wake wa wakati huo sitautaja, ana mkono mzito. Kisha zikaja hereni za kielektroniki: unasogeza mashine kwenye sikio la ng'ombe, inasoma namba, taa ya kijani inawaka, lango linafunguliwa. Tulifurahi mno. Mimi nilipitisha ng'ombe mia bila kumtazama hata mmoja.

Bi Tunu peke yake hakufurahi. Alisema hereni ile inamjibu yeyote anayeiuliza, tena jibu lilelile kila siku. Mwizi akilinasa jibu hilo kwa mashine yake mara moja tu, ng'ombe wakinywa kisimani, anaitengenezea hereni pacha. Tukamcheka kwamba anaionea wivu mashine.

Alhamisi moja ya kiangazi, Bundala wa Ziba alifika na dume lake jekundu. Mashine ikakataa: namba hiyo imeshaingia asubuhi, imo zizini, sikioni mwa dume la mfanyabiashara mmoja mwenye miwani. Watu wakaamua mwizi ni aliyekuja wa pili. Fimbo zikainuka. Bundala akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga lango. Nami nikatafuta pa kujificha, nikakuta pameshajaa.

Bi Tunu akatia lango kufuli, akasimama mbele ya fimbo zile. Akasema mashine imeshasema yake, sasa wataulizwa ng'ombe. Akaliingiza dume la Bundala zizini pamoja na lile la asubuhi, akawaweka wenye mali nyuma ya ua, kila mmoja aite dume lake kama anavyoliita malishoni. Bundala akapiga mluzi. Midomo imekauka, haukutoka. Akarudia. Dume lake likageuka, likaja mpaka kwenye ua. Yule wa miwani aliita hadi sauti ikakwama, lake linacheua tu. Tulipolishika sikio tukakuta tundu la hereni bado bichi, na pembeni kovu la hereni yake ya kwanza, iliyong'olewa. Kugeuka, miwani imeshavuka ua.

Bi Tunu aliandika barua saba, hadi tukaletewa hereni ambazo mashine huziuliza swali jipya kila mara, nazo hujibu kwa siri iliyofichwa ndani yake. Jibu la jana leo halifai. Lakini za zamani bado zimejaa masikioni, na muuliza maswali wetu ndiye huyo anaondoka.

Jambo moja hakumwambia mtu, nalisema mimi. Aliyempitisha yule wa miwani asubuhi ile ni mimi, macho yangu yakiwa kwenye kikombe. Bundala angeuawa kwa chai yangu.

Asante, Bi Tunu. Mungu akupe afya na mvua ya kutosha kwenye mahindi yako ya Ntalikwa. Siku ukituletea ng'ombe wako usikasirike: nitaweka kikombe chini, nimtazame vizuri, kisha na wewe nikuulize.

Mzee Twalibu, lango la pili