Chai ya Asubuhi ya Mama Pasi

Ndugu, jamaa na majirani, mama yetu mliyemzoea kwa jina la Mama Pasi alizaliwa tarehe 9 Machi 1969, katika chumba cha nyuma ya tanuri la mikate alikofanya kazi babu, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli hadi darasa la saba mwaka 1983, akaishia hapo kwa kuwa kaka zake ndio walioonekana wa kusomeshwa.

Mwaka 1988 aliajiriwa kupiga pasi mashuka ya hoteli, katika chumba cha chini kisicho na dirisha, na tarehe 12 Mei 1990 akafunga ndoa na baba, fundi wa kuchomelea, wakajaliwa kaka yangu na mimi ninayewasomea. Miaka yote hiyo alitoka nyumbani gizani, akabadilisha mabasi mawili, chai akainywa amesimama, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, baba akimtania kwamba siku moja atavaa kikombe na kunywa kiatu.

Treni ya mjini ilipofikishwa mtaani kwetu, tarehe 4 Februari 2019, safari ilipungua kwa saa nzima, mama akavuta kiti mezani, akamwambia mwanangu, "Bibi sasa anakunywa chai amekaa, kama watu." Aliifaidi wiki mbili, maana msimamizi wake alipoona wafanyakazi wanafika mapema na hawahemi, aliisogeza zamu ianze mapema zaidi, kwa saa nzima ileile iliyookolewa, akasema treni ipo, visingizio vimekwisha. Ile saa haikuwa yake. Ilikuwa ya mama.

Kifua kilianza kumbana Agosti 2023, kliniki iko kituo cha tatu tu, lakini ilikuwa ikifunguliwa akiwa kazini na kufungwa kabla hajatoka, kila alipoomba ruhusa akaambiwa avumilie, akavumilia mpaka tarehe 17 Juni 2024 alipoanguka kando ya meza ya pasi, akafariki kesho yake hospitalini. Mnatuambia kazi ya Mungu haina makosa, ni kweli, lakini ya msimamizi inayo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea amechelewa wakampigania kana kwamba amewahi, majirani mliopika na kulala nasi, na wenzake wa chumba cha pasi mliombeba mikononi. Msimamizi naye yupo, ametuma neno tufupishe ili wenzake na mama wawahi treni ya zamu ya mchana, na sisi tunamjibu mbele yenu kwamba hatufupishi.

Mama, chai imemiminwa na kiti kimevutwa. Kaa, upumzike kwa amani, hakuna wa kukuinua tena.