Dakika Ishirini Zilizobaki

Mimi ni kinyozi, na kinyozi husikia mengi, lakini upuuzi mkubwa kuliko wote niliowahi kuusikia umesemwa hapa nje, kwenye benchi la mlangoni kwangu, na watu ambao hata kunyoa hawanyoi kwangu. Kuna Nondo, fundi mwashi, ambaye hajui kusema polepole hata akikuambia siri. Kuna Profesa, karani wa shule ya msingi, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya miwani na si kwa sababu nyingine yoyote. Kuna Mama Birika, anayetuuzia kahawa na kutusimanga bure. Na pale mwisho kabisa, mgongo kwa redio, anakaa Mzee Winga, miaka themanini na minne, aliyecheza mechi ya kwanza ya timu yetu ya Tanuru na ndiye pekee kati ya wale kumi na mmoja ambaye bado anapumua. Jumamosi ninayoieleza ilikuwa ya mwisho wa msimu. Tukitoka sare tunabaki ligi. Tukifungwa tunashuka daraja, na mwenye kiwanda cha matofali, anayeilea timu tangu enzi za baba yake, alishatangaza kwamba ikishuka anaivunja. Mechi ilikuwa ugenini, redio ilikuwa dirishani, na kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha tumelala bao moja bila.

— Nimeacha mpira, — akasema Nondo. — Kuanzia leo mimi si shabiki wa mtu.

— Uliacha pia Jumamosi iliyopita, — nikamwambia.

— Ile niliacha kwa hasira. Hii naacha kwa akili.

— Akili hiyo umeazima wapi? — akauliza Mama Birika huku akimjazia kikombe.

Tukacheka, ila kicheko chenyewe cha shingo upande. Mechi kumi na moja hatujashinda. Ndani ya duka nilikuwa na mteja niliyemnyoa upande mmoja, nikamwambia avumilie, mapumziko ni dakika kumi na tano tu. Akaniuliza mapumziko ya nani. Nikaona huyu hana uchungu na timu, nikatoka nje.

— Mimi tatizo nalijua, — akasema Profesa, miwani akiipandisha kwa kidole. — Jezi. Tangu waanze kuzipeleka kwa yule dobi mpya, zinapigwa wanga. Mchezaji anataka kugeuka, jezi haitaki.

— Jezi! — Nondo akaruka. — Wewe nawe! Tatizo ni goli. Mimi ni fundi, nimekwenda uwanjani kwetu na futi kamba yangu, nikapima milingoti. Goli la upande wa barabarani limezidi lile jingine kwa kiganja kizima. Kiganja, bwana! Kipa wetu anaruka, anafika pale ambapo goli lingepaswa kuishia, kumbe bado linaendelea.

— Si kipindi cha pili mnabadilishana? — Mama Birika akauliza. — Na wao si wanalinda hilohilo?

Nondo akavuta funda refu la kahawa.

— Wao hawajui kama ni pana, — akasema.

Nikaona wananiachia nafasi. Nikawaambia ukweli kitaalamu, kwamba timu nzima msimu huu haijanyolewa hata mara moja kwangu. Beki wa kati ana nywele kama kichaka, mpira wa kichwa unamfikia unapoteza mwendo, unadondokea miguuni mwa adui. Nimeandika barua kwa kocha mara mbili, hajajibu. Hilo linaniuma mpaka leo, sikufichi.

— Barua ulimwandikia kwa sababu ya timu au kwa sababu ya vichwa kumi na moja? — Mama Birika akauliza.

Nikakung'uta kitana changu. Mtu akikuvunjia heshima mlangoni kwako, unatazama kazi yako.

Hapo ndipo alipokuja yule nesi. Ni nesi mgeni wa zahanati ya ng'ambo ya barabara, alihamia Jumatatu, na hajui mpira hata wa kuusikia. Alikuja na kile kipimo cha presha, akamwamkia Mzee Winga shikamoo, mzee akamwitikia marahaba mwanangu, nesi akamvisha kitambaa mkononi na kuanza kukijaza upepo. Akatuona sura zetu.

— Kuna msiba? — akauliza.

— Bado, — akasema Nondo. — Dakika arobaini na tano hivi.

Profesa akaona amepata mwanafunzi. Akasogea, akakohoa.

— Dada nesi, nitakueleza kiini chake, maana hawa wanazungumzia majani. Timu hii ilianzishwa na vibarua wa kiwanda cha matofali. Mechi ya kwanza walicheza palepale kiwandani, kwenye uwanda wa kuanikia matofali, na vijana wa kinu cha unga. Mpira ulikuwa mmoja. Dakika ya sabini, wetu wamefungwa moja, mpira ukaingia kwenye tanuru. Tanuru linawaka! Ukaungua. Refa akavunja mechi. Unanifuata?

— Nakufuata.

— Sasa jiulize. Mechi ile ilimalizwa lini?

— Lini?

— Haikumalizwa! — Profesa akapiga goti lake. — Zilibaki dakika ishirini! Kwa hiyo kisheria, Tanuru bado iko uwanjani. Miaka sitini na nne tuko kwenye kipindi cha pili cha mechi ya kwanza. Timu ambayo haijamaliza mechi moja itashindaje nyingine?

Nondo alikuwa amefungua mdomo. Nilimwona jambo linamwingia polepole, kama saruji inavyokunywa maji.

— Lahaula, — akasema. — Basi zichezwe! Hizo dakika ishirini zichezwe leo hii!

— Na nani? — nikauliza.

— Si Mzee Winga huyu hapa? Tunampeleka kiwandani, anasimama dakika ishirini.

— Peke yake?

— Wale wa kinu cha unga wako wapi? Wamekufa wote! Nani atamkaba? Mzee anatembea na mpira taratibu mpaka golini, anaweka. Moja moja. Anarudi, anaweka la pili. Tumeshinda!

— Presha yake hairuhusu, — akasema nesi.

— Basi atoke sare!

Redio ikasema kipindi cha pili kimeanza. Tukasikiliza nusu saa nzima ya mateso. Wetu wanapiga pasi mbili, ya tatu ya adui. Profesa alipoona hali inazidi kuwa mbaya, akarudi kwenye somo lake, safari hii kwa uchungu.

— Aliyeupiga ule mpira ndiye aliyetuloga, — akasema. — Huyo mtu, popote alipozikwa, hakututakia mema.

— Ulaaniwe mguu wake! — akadakia Nondo. — Kila msimu tunalia kwa sababu ya mjinga mmoja asiyejua kulenga.

Nesi alikuwa anampima mzee mara ya pili, anaangalia mshale wa kipimo. Akauliza bila hata kuinua macho:

— Kwani aliyeupiga ni nani?

Nakwambia, swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza kwenye benchi lile. Hadithi hii tumeisimulia tangu nikiwa na meno ya utoto. Tunajua rangi ya tanuru, tunajua refa alikuwa na kibiongo. Nondo akamtazama Profesa. Profesa akanitazama mimi. Mimi nikatazama mkasi wangu.

— Upepo, — akasema Profesa hatimaye.

— Upepo ulivaa viatu? — akauliza Mama Birika.

— Hakuna aliyevaa viatu, — ikasema sauti kutoka mwisho wa benchi. — Tulicheza peku. Na aliyeupiga ni mimi.

Mzee Winga alikuwa hajawahi kuizungumzia mechi ile. Ukimuuliza anasema amesahau, mambo ya zamani, yaacheni. Sasa alikuwa amekiweka kikombe chini.

— Mzee, presha inapanda, — akasema nesi.

— Iache ipande, mwanangu. Imekaa chini muda mrefu. Nilikuwa winga wa kushoto. Wakati wa mapumziko alikuja nyapara na kofia yake, akasimama mbele yetu, akasema, leo mkifungwa upuuzi huu umekwisha, Jumamosi mnarudi kufyatua matofali kama wenzenu. Na sisi tulishafungwa moja. Wale wa kinu walikuwa na nguvu za ng'ombe, sisi pumzi zilikuwa zimekata. Kipa wetu alikuwa analia. Wallahi, analia huku anadaka. Nikaangalia refa, hana haraka na saa yake. Nikaangalia tanuru, mlango wazi, moto mwekundu. Mpira ukanijia mguu wa kushoto.

— Ukakosea goli, — akasema Nondo kwa upole, kama anayemsaidia.

— Nikosee nini? Mimi nilikuwa sikosei! Nililenga. Ukaingia katikati kabisa, ukalia pu! Refa akasema mechi imevunjika, hakuna aliyefungwa. Nyapara akaishika kofia yake, akaondoka. Jumamosi iliyofuata tukacheza tena, mpira wa kuazima.

Akafuta macho kwa kiganja.

— Sikumwambia mtu. Hata marehemu mke wangu hakujua. Na ninyi kila tukifungwa mnasema laana, laana, na mimi niko hapa mwisho nasema moyoni, ni mimi. Hiyo redio siwezi kuitazama. Naona kama inanijua.

Mama Birika alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga yake bila kuficha. Nondo akainuka, akaenda kuchuchumaa mbele ya mzee, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema kwa sauti ya chini.

— Mzee wangu, nisamehe. Nimeutukana mguu wako miaka yote hii, na bila mguu huo mimi Jumamosi ningekuwa nakaa wapi?

— Nyumbani kwa mkeo, — akasema Mama Birika, lakini hakusema kwa ubaya.

Redio: dakika ya themanini na tatu, bado moja bila. Nondo akasimama kama aliyechomwa na pini.

— Profesa! Shemeji yako si ndiye mtunza vifaa wa timu? Mpigie. Sasa hivi!

Profesa akapiga. Tukamzunguka.

— Shemeji! Sikiliza, hapo uwanjani kuna mto? ... Mto, mto wa maji! ... Hakuna. Tanuru? ... Jiko je, jiko kubwa? ... Mipira iko mingapi hapo? ... Kumi na miwili?

Akatutazama, uso umemshuka.

— Mipira kumi na miwili, — akasema.

— Haiwezekani, — akasema Mzee Winga kama mtaalamu. — Mimi ningeweza miwili. Mitatu, nikiwa na upepo.

Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona tangu nifungue duka. Akageuka. Akainua mguu mmoja, nesi akamshika kiwiko, akavusha na wa pili, akakaa anatazama redio uso kwa uso. Dakika saba tukazisikiliza hivyo, mzee kashika mkono wa Nondo. Tukapata kona. Beki wetu wa kati akapiga kichwa, ukagonga mwamba, ukarudi uwanjani, na mimi sikusema neno lolote kuhusu nywele. Kisha kipenga. Mtangazaji akasema Tanuru imeshuka daraja baada ya miaka sitini na nne, akaenda kwenye matangazo ya sabuni.

Hakuna aliyezima redio. Nondo, mtu mzima, mjukuu anaye, alikuwa analia waziwazi.

— Ndiyo basi? — akauliza nesi.

— Ndiyo basi, — nikamwambia. — Mwenye kiwanda anaivunja timu.

— Si ni yake? Avunje yake. Yenu ilianza na nini?

Tukamtazama Mzee Winga.

— Watu kumi na mmoja na mpira, — akasema. — Hatukuwa na kingine.

Profesa akavua miwani, akaivaa tena.

— Uwanja wa shule upo, — akasema taratibu. — Funguo za geti ninazo mimi.

— Watu ninao! — Nondo akaruka, machozi bado yako mashavuni. — Mafundi wangu saba, wanabeba zege kutwa nzima, nani atawasukuma? Na magoli nawajengea mwenyewe, milingoti sawa kwa sawa!

— Jezi nafua mimi, — akasema Mama Birika. — Bila wanga.

— Vichwa niachieni, — nikasema.

Mzee Winga alikuwa anacheka, anatikisika mabega, nesi anamwambia atulie, naye hatulii. Nondo akatangaza kwamba mechi ya kwanza ni kesho saa kumi, asiyekuja si mtu.

— Vizuri, — akasema nesi, anakunja kitambaa chake. — Na mpira nani anao?

Nondo akachungulia chini ya benchi. Profesa akaanza kujipapasa mifuko ya suruali, sijui alitegemea kukuta nini. Miaka thelathini nawafundisha makocha kazi nikiwa nimekaa kwenye benchi lile, na kwangu hakuna hata mpira wa karatasi.