Kibaiskeli cha Magurudumu Manne

Kijiwe chenyewe kilikuwa gogo la mninga, mojawapo ya yale ambayo matrekta ya Wazungu wa mradi wa karanga yaliyang'oa na kuyatupa kando ya barabara inayoingia Nachingwea kutoka Ruangwa. Wazungu walikuja kwa kishindo, karanga zikakataa, Wazungu wakafungasha virago, gogo likabaki. Kila alfajiri walikaa juu yake watu watatu ambao mradi ule uliwapa kazi na majina ya utani, na ulipoondoka ukawaachia majina tu. Tadeo, aliyekuwa dobi, aliitwa Pasi. Shaibu alikuwa utingo wa trekta, na kazi yake kubwa ilikuwa kulifuta vumbi. Huyo ndiye Injinia. Halfani hakuwahi kumiliki redio, ila aliwahi kufagia chini ya dirisha la klabu lenye redio ndani, basi akawa Redio. Wa nne ni Shaban muuza kahawa, mtu pekee pale mwenye kazi, na bakuli lake la kuoshea vikombe alikuwa amelitegesha juu ya kigurudumu cha mpira kilicholazwa chini.

Kigurudumu hicho ndicho kilichokuwa kesi. Mwenzake alikuwa mkononi mwa Injinia. Vyote viwili vilitoka kwenye baiskeli ya mtoto, nyekundu, yenye kengele na keria nyuma, ambayo mama mmoja wa Kizungu alimwachia Pasi siku ya kuondoka, ili binti yake Teodosia aende nayo shule. Zawadi safi kabisa. Tatizo ni kwamba baiskeli ilikuja na magurudumu manne: mawili ya kawaida, na haya madogo mawili, huku na huku kwenye gurudumu la nyuma, yakining'inia bila hata kugusa ardhi vizuri. Pasi hakuwahi kuona jambo la namna hiyo. Mtu mwingine angempandisha mtoto aende zake. Pasi akaenda kuuliza kijiweni, na hapo ndipo alipopotea.

– Tuanze upya, alisema Injinia, akikizungusha kigurudumu kwa kidole. Kwa nini hayagusi chini?

– Jana ulisema unajua, alisema Redio.

– Jana nilijua kidogo. Leo nimelala nalo. Sikilizeni. Hayagusi chini kwa sababu baiskeli haina mzigo. Ukiweka mzigo, inashuka, yanagusa. Lori lina magurudumu mangapi nyuma? Basi. Hii ni baiskeli ya mizigo.

– Ya mtoto?

– Ya mtoto wa mizigo.

Pasi alitazama barabara. Jua lilikuwa linachomoza, na Teodosia alikuwa bado hajapita. Kila siku mtoto huyo alitoka nyumbani na kikapu cha makopa ya muhogo kichwani, akipeleke sokoni kwa shangazi yake, ndipo akimbie shule. Kila siku alifika kipande cha reli cha shule kimeshagongwa na wenzake wameshaingia. Mwalimu alikwisha kumwita Pasi akamwambia bila kuzunguka: binti akichelewa tena wiki hii, nafasi yake atapewa mtoto mwingine, maana wanaoitaka ni wengi. Pasi alirudi nyumbani siku ile akiwa mnyonge, akaitazama baiskeli iliyoegemezwa nyuma ya ghala, akamwambia Teodosia, "Usiiguse mpaka wazee tuamue."

Na wazee walikuwa wanaamua tangu mwezi uliopita.

– Mimi, alisema Pasi, nilidhani ni kisimamio tu. Kama kile cha pasi. Ili isianguke.

Injinia alimtazama kwa huruma.

– Mwenzangu, wewe kila kitu unakiona pasi. Mzungu atengeneze chuma chote hiki, mpira wote huu, eti kitu kisianguke? Mzungu haanguki.

– Karanga je? aliuliza Shaban, akimimina kahawa.

– Karanga ni habari nyingine.

Pasi akacheka, akajicheka na mwenyewe, akasema ni kweli, dobi hana akili ya mashine. Alisema hivyo upesi mno. Ukweli ni kwamba tangu Wazungu waondoke hakuna mtu aliyekuwa akimwuliza Pasi jambo lolote, na sasa kijiwe kizima kilikuwa kikizungumza habari ya kitu chake. Alilipenda hilo. Aliona aibu kulipenda, lakini alilipenda.

– Kama ni ya mizigo, alisema Redio, basi na mimi nitoe yangu. Mnajua kwa nini mtoto wa Kizungu anapewa baiskeli ya mizigo? Niliyasikia haya pale dirishani. Ulaya baridi ni kali, mwalimu hawezi kufundisha mpaka apashwe moto. Kwa hiyo kila mtoto anafunga gunia la makaa kwenye keria, analipeleka shule. Asiye na makaa harudi na jibu hata moja.

– Ulisikia kwa Kiingereza? aliuliza Shaban.

– Kwa Kiingereza.

– Na wewe Kiingereza unakijua?

– Sauti ilikuwa ya mtu anayezungumzia makaa.

– Kumbe watoto wao nao wanabeba, alisema Pasi polepole, na wazo hilo lilimfariji kidogo.

– Wanabeba sana, alisema Injinia. Ndiyo maana mzigo wa Teodosia lazima upimwe sawasawa. Ukizidi kushoto, kigurudumu cha kushoto kinagusa, cha kulia kinaelea, mtoto anazunguka palepale mpaka jioni. Sisi tulifanya majaribio, au mmesahau?

Hakuna aliyesahau. Walimkalisha Redio kwenye keria awe mzigo, Injinia akasukuma, Pasi akashika usukani, wote watatu wakaishia kwenye mtaro. Injinia aliinuka akijipangusa, akatangaza kwamba kosa lilikuwa la mzigo, ulikuwa unaongea. Ndipo akayafungua magurudumu madogo kwa koleo ili yachunguzwe peke yake, na hayakurudi tena.

– Njooni karibu niwaonyeshe, alisema Injinia.

Akapiga magoti vumbini, akachora mstari kwa kijiti, akaanza kulibingirisha gurudumu juu yake. Wengine wakainama, migongo yote ikielekea barabarani. Hata Shaban aliinama, birika mkononi.

– Ona alama liliyoacha. Nyembamba, imenyooka. Sasa fikiri yako mawili, huku moja na huku moja, na katikati gurudumu kubwa linachimba. Hiyo ni nini?

– Ni nini?

– Ni tuta. Bwana wee, hii si baiskeli ya mizigo. Nilikosea. Hii ni mashine ya kupandia karanga.

Nyuma yao kengele ililia, ngrii, na sauti ndogo ikasema:

– Shikamooni, wazee.

– Marahaba, waliitikia wote kwa pamoja, hakuna aliyegeuka.

– Pita upande huo, aliongeza Redio, akipunga mkono nyuma bila kutazama. Watu wana mambo hapa. Endelea, Injinia.

– Jiulizeni karanga zilishindwa kwa nini. Walileta matrekta makubwa, yakapasua nchi. Kumbe mashine yenyewe ya kupandia ilikuwa hii, ndogo, imeachwa barazani, mtoto anaichezea. Bwana mkubwa anapita hapo kila siku kwenda ofisini, anaona mwanawe anazunguka zunguka, hajui kwamba hapo ndipo mradi ulipo.

– Lahaula, alisema Redio. Na dobi anafua mashati pembeni.

– Dobi alikuwa anafua mashati pembeni, alikubali Pasi, na akahisi kwamba kwa namna fulani kushindwa kwa karanga kulikuwa juu yake.

Kisha akainua kichwa, akaona jua, na utamu wa maneno ukamtoka. Lilikuwa limepanda. Teodosia hajapita. Siku zote, hata akichelewa, saa hizi angekuwa ameshapita na kikapu chake, na Pasi angekuwa ameshatazama chini ili macho yao yasikutane.

– Mtoto hajapita, alisema.

– Atapita.

– Leo kapitiliza muda. Leo ndiyo basi.

Akarudi kukaa kwenye gogo. Moyo ulimuuma, na kwa mara ya kwanza hakutaka kusikia habari ya magurudumu. Angeweza kumpandisha. Angeweza kuishika baiskeli kwa nyuma, akimbie nayo uwanjani jioni mbili tatu, kama baba yeyote. Badala yake alikuja hapa kunywa kahawa. Hata magoti ya mtoto yalipokuwa na vidonda wiki iliyopita, aliuliza tu vimetoka wapi, akaambiwa ameteleza mtoni, akagomba kwamba hatazami anapokanyaga.

Wakati huo akafika mtu mmoja anatembea, begani ana fimbo yenye kifurushi. Akasalimu, akasema anaitwa Eustakio, ametoka Ruangwa jana, amelala njiani kwa mkwewe. Akapewa kahawa, akapuliza, akanywa, akafumba macho.

– Huku kwenu kuna mambo, alisema. Asubuhi hii nimepitwa na binti mdogo juu ya kibaiskeli chekundu. Kikapu cha makopa kakifunga kwenye keria kwa kamba ya katani, daftari kalibana chini ya kamba. Kanipigia kengele, kanisalimu, huyooo. Kapita hapahapa, nilikuwa namwona kwa mbali. Nyie mlikuwa mmeinama, nikadhani mnachinja kuku.

Injinia alikishusha kigurudumu chini taratibu.

– Alikuwa anaegemea upande? aliuliza.

– Aegemee kwa nini? Alikuwa anakwenda.

– Kwa magurudumu mawili?

– Baiskeli ina mangapi, bwana?

Kutoka upande wa shule wakasikia kipande cha reli kinagongwa. Pasi alihesabu muda kichwani, sokoni kwa shangazi, kisha kona ya shule, na akajua kwamba mtoto wake yumo ndani, amekaa na wenzake. Alikumbuka ile "marahaba" aliyoitikia akiwa amempa mgongo, na yale magoti, na jioni zote ambazo yeye alikuwa hapa huku baiskeli ikiwa nyuma ya ghala.

– Binti wa nani yule? aliuliza Eustakio.

– Wangu, alisema Pasi. Alilisema neno hilo kwa sauti kubwa kuliko yote aliyoyasema kijiweni tangu Wazungu waondoke.

– Hongera sana, baba. Nani kamfundisha?

Injinia alimtazama Redio. Redio alitazama ndani ya kikombe chake, kana kwamba habari zingetokea humo. Pasi alikiokota kigurudumu cha Injinia, akaanza kukipangusa vumbi.

Shaban alilitikisa birika, akatangaza kwamba kahawa imekwisha. Wote walisikia jinsi lilivyokuwa bado limejaa, na wote wakainuka.