Bolti ya Nne ya Kibao cha Helikopta

"Mgeni rasmi, Jenerali wetu, sisi mafundi, marubani na watu wa redio wa kikosi cha helikopta, tumefurahi kukuona umeingia kwa miguu yako miwili. Miguu hiyo tutairudia baadaye."

Ukumbi ukacheka. Jenerali naye akacheka, maana hakujua kinachokuja. Mama Redio, msomaji wa risala, hakucheka. Kabla hajawa bibi wa wajukuu sita, yeye ndiye aliyekuwa akiongoza helikopta kwa sauti kutoka mnarani. Risala iliyopitishwa na kamati ilikuwa imekunjwa ndani ya mkoba wake, na huko ndiko ingekaa. Aliyoishika ni nyingine kabisa.

TULIKOTOKA

"Kikosini tulikuwa na desturi moja. Fundi akishatia saini kitabu cha helikopta kwamba ni nzima, yeye ndiye abiria wa kwanza. Hakuna aliyetia saini kwa mzaha. Ndiyo maana wengi wetu tumezeeka."

TULICHOFANYA

"Helikopta iliyoko getini tuliikuta imegeuzwa banda la kuku. Tumeifufua kwa miezi kumi na minne, huyu ana presha, yule magoti yamegoma. Haitaruka tena, lakini pangaboi lake linazunguka ukilisukuma. Leo utafunua kibao chake chenye majina yetu."

Makofi yakalia. Mstari wa tatu, mzee mmoja mwembamba hakupiga. Huyo ni Kidole, fundi aliyekuwa akipapasa chuma na kujua kinaumwa wapi. Alikuja kwa kubembelezwa.

"Mnanipeleka nikasomewe majina ya wenzangu?" aliuliza asubuhi, mlangoni kwake.

"Wewe njoo tu, shemeji," Mama Redio alimjibu.

KINACHOTUUMA

Hapo akamtazama Jenerali usoni. Alikuwa na hasira ya miaka ishirini na saba.

"Jenerali, siku ile Kidole alipapasa mkia wa helikopta, akakuta ufa, akakataa kutia saini. Wewe ulikuwa kapteni kijana mwenye haraka. Ulisema hiyo ni amri, ukatia saini mwenyewe. Kitabu tunacho. Kidole akapanda hata hivyo. Nilimsikia redioni: 'Kama mnasafiri na mgonjwa, basi mchukueni na muuguzi.' Mkia ukakatika, helikopta ikaanguka na kuwaka moto. Aliyekutoa motoni, na miguu hiyo yote miwili, ni Kidole. Ripoti uliyoiandika ukiwa kitandani ilisema uzembe wa fundi, akavuliwa magwanda mbele ya mkewe."

Akavuta pumzi. Sentensi iliyofuata haikuwa kwenye karatasi.

"Rubani aliyekufa alikuwa mume wangu. Mlinipa mtu wa kumchukia. Nimekataa kumchukia."

Ofisa wa itifaki akanyanyuka haraka. "Mama, muda umekwisha."

"Keti, mwanangu. Nimeongoza helikopta sita kwa mpigo, wewe mmoja hunishindi."

Akaketi. Jamani, angefanya nini?

"Tulinyamaza kwa sababu tulikuwa na kiapo na watoto wadogo. Lilikuwa kosa letu, na shemeji yangu atusamehe. Sasa watoto wamekua na sisi hatumwogopi mtu."

OMBI LETU

"Hatuombi ofisi wala mabati. Jina la Kidole tumelichonga wenyewe kwenye kibao, la arobaini na mbili, chini kabisa. Tuliagizwa tulifute kabla hujafika. Hatufuti! Kibao kimefungwa kwa bolti tatu, na ya nne tunataka uifunge wewe, kwa mkono wako, watu wakiona. Ukikataa, kitaning'inia hivyo hivyo, na kila mpita njia atakayeuliza sababu tutamweleza.

"Mungu akujalie maisha marefu, Jenerali, na moyo wa kuyatumia vizuri. Ni sisi, Kikosi cha Helikopta, watu arobaini na wawili, wazima na marehemu."

Mama Redio akashuka jukwaani, akaiweka bolti mezani, kando ya chupa ya maji ya mgeni rasmi. Jenerali akaitazama. Kisha akasimama, akaichukua, akageukia mstari wa tatu. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Fundi," akasema, "inaingia spana namba ngapi?"

Kidole hakufanya haraka kusimama.

"Kumi na saba, afande. Lakini kwanza naipapasa. Safari hii utanisubiri."