Uso wa Mwalimu Taya

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Taya, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Dada yake mkubwa anasema alianza kuongea kabla ya kuota meno, na tangu hapo hakupumzika.

Alisoma shule za jirani na kwao akafaulu vizuri, ila mtihani wa kuingia chuo cha udaktari wa meno ulimbwaga mara mbili. Hakununa. Alisomea ualimu wa biolojia, na mwaka 1981 akafungua darasa nyuma ya duka la dawa, kuwaandaa vijana kwa mtihani uleule.

Vitabu vilikuwa haba, basi kitabu kikawa uso wake. Aling'ata meno waone msuli wa taya unavyotuna, akameza mate waone koo linavyopanda, akapanua kinywa wahesabu magego. Ndivyo alivyompata mumewe, seremala aliyekuja kutengeneza madawati huku shavu limemvimba. Alimkalisha mbele ya darasa akawaonyesha jino la mwisho lililokwama kwenye ufizi. Wiki iliyofuata seremala alirudi kugongelea misumari ambayo haikuwa imelegea. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa binti mmoja.

Februari 2019 aliota uvimbe kwenye tezi ya mate, mbele ya sikio la kushoto. Ilikuwa saratani. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso hupita katikati ya tezi hiyo, na marehemu alijua kitakachofuata kabla madaktari hawajamwambia. Baada ya upasuaji nusu ya uso ililala. Mdomo ulienda upande, jicho likawa halifumbi. Inauma kusema, lakini mcheshi wetu yule alifunika vioo kwa shuka akawa anakula akiwa ameelekea ukutani. Mtihani ulikaribia na darasa halikuwa na mwalimu.

Asubuhi moja mumewe alimwambia, "Mke wangu, wale watoto hawana kitabu kingine."

Mwalimu aliinuka. Alijitanda mtandio mpaka darasani, akauvua mbele yao, akawaambia wapandishe nyusi. Wakapandisha.

"Sasa nitazameni mimi. Moja imepanda, nyingine imegoma. Kingekuwa kiharusi cha ubongo, zote zingepanda. Mshipa ukikatika, paji nalo hulala. Msisahau, na msinionee haya."

Alifundisha hivyo, uso wazi, hadi saratani iliporudi shingoni. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 3 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, binti, mkwe, wajukuu wawili, dada yake, na wanafunzi wengi, baadhi yao ndio wanaotung'oa meno hapa mjini.

Jana dada yake aliomba jeneza lifungwe, kwa kumhurumia, watu wasimwone vile. Mumewe alimshika bega.

"Shemeji, huu ndio uso aliofundishia."

Basi jeneza liko wazi. Tutapita kumuaga bila haraka, na wanafunzi wake watatangulia. Mungu amlaze pema Mwalimu wetu.