Nyuzi 312 za Danguolė Mikelionienė

Padri, ndugu, majirani na walimu wenzake, mtakayosikia ni maisha ya Danguolė Mikelionienė, yaliyoandikwa na mumewe Zenonas, mpima ardhi mstaafu, ambaye tarehe zote amezihakiki mara mbili, kwa kuwa marehemu angezihakiki mara tatu.

Danguolė alizaliwa tarehe 3 Septemba 1948 katika kijiji cha msituni karibu na Merkinė, mtoto pekee wa Juozas Averka na mkewe Ona, akalelewa zaidi na bibi yake, aliyemfundisha kuokota uyoga, kuutunga kwenye uzi na kuuanika juu ya jiko. Alimaliza shule Merkinė mwaka 1966, akaingia chuo kikuu Vilnius, ambako aligundua kwamba bibi yake, asiyejua kusoma, alisema "esmi", yaani "mimi ni", karibu sawa na Wahindi wa kale waliosema "asmi", na tangu siku hiyo hakuna aliyekula naye kwa utulivu.

Kuanzia tarehe 1 Septemba 1972 alifundisha chuoni hapo, akilinganisha jinsi vitenzi vinavyobadilika katika lugha za Kihindi-Kiulaya, kuanzia Kilithuania hadi Kigiriki, Kilatini na Kisanskriti. Kila umbo aliliandika kwenye kadi, na kadi za kitenzi kimoja, za lugha zote, alizitunga kwenye uzi mmoja, akauning'iniza jikoni katikati ya uyoga, hadi zikafika nyuzi 312, na wageni wakazoea kuinama. Jirani, Bi Stefanija, aliwahi kukuta kadi ya Kigiriki ndani ya supu yake, akauliza, "Danguolė, hii inaliwa au inasomwa?" Akajibiwa, "Isome kwanza."

Alifunga ndoa na Zenonas tarehe 15 Juni 1974, baada ya uchumba wa miezi minane, ambamo mchumba alipelekwa kijijini mara nne, na mara zote nne akaachiwa uyoga wa kusafisha huku mwenzake akirekodi maneno ya bibi. Walijaliwa mtoto mmoja, Skaistė, tarehe 9 Machi 1977.

Mnamo Agosti 1986, marehemu akiwa safarini vijijini, mumewe alipaka rangi chumba cha jikoni, akakata nyuzi zote, akazipanga kadi katika masanduku ya viatu, kila lugha na sanduku lake, kwa unadhifu ambao hadi leo anauonea fahari kidogo. Marehemu aliporudi alikaa kwenye ngazi ya kupakia rangi, akasema, "Zeno, umewapeleka ndugu kila mmoja nyumba yake. Sasa nani atajua kuwa ni ndugu?" Mumewe akauliza kama rangi imempendeza, na Jumapili akapewa sindano.

Kuzitunga upya kulichukua miaka thelathini na mitatu, kila Jumapili baada ya misa, wawili hao na sindano mbili. Februari 2018 aligundulika kuwa na saratani, akamwambia daktari kwamba hafi akiacha uzi wazi, akawagawia wauguzi sindano. Kufikia Septemba mwaka huu nyuzi 311 zilikuwa zimekamilika, na ule wa mwisho ulikosa kadi moja, ile ya "esmi" ya bibi.

"Zeno, uliiweka wapi?"

"Sikuiweka popote."

"Basi kaitafute hapo popote."

Hakuipata. Danguolė alifariki Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2019, saa tano na dakika ishirini asubuhi, uzi ukiwa wazi.

Jana, wakati wa kusogeza meza kwa ajili ya wageni wa msiba, Skaistė aliikuta kadi hiyo imekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza, alipoitia baba yake mwaka 1986 ili meza isiyumbe. Nyuzi 311 zitakwenda chuoni, kwa sharti kwamba mtu yeyote asizipange. Uzi wa 312 uko mikononi mwa marehemu, na Padri alipouliza asubuhi ya leo kama ni rozari, Bi Stefanija alimjibu, "Ni ndugu zake, Padri. Waache wamsindikize."

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na sindano zao, majirani walioinama miaka yote, na walimu wenzake. Meza yetu sasa inayumba, mtatuwia radhi mezani.

Mama Skaistė, uzi umefungwa. Pumzika kwa amani.